Vyombo vya Kabula

Plastiki ya bei ya chini ina harufu yake. Ndoo nzuri hainuki kitu. Nasema lile beseni linalonuka mafuta ya taa na mpira ulioungua, harufu inayokukaa kooni hadi jioni. Juzi nilikuwa Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikaingia kwenye moja ya yale maduka ambayo kila kitu ndani ni bei moja na spika ya mlangoni inapiga kelele tangu asubuhi. Harufu hiyo ikanipokea kabla ya muuzaji. Sikuwa na shida ya beseni, lakini nilishtukia nimeshalishika, kidole gumba kinabonyeza kitako, nimeinama nalinusa. Kijana wa dukani akaniangalia. "Mama, unanunua au unalisalimia?" Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, nikatoka, nikarudi nyumbani bila kununua nilichofuata.

Ninyi nitawaambia kilichonikimbiza. Mume wangu sijawahi kumwambia, wala padri.

Wazazi wangu walikuwa wanahangaika na biashara ya mchele huku Mbeya, mimi wakaniacha Kalenga, Iringa, kwa Bibi, mama yake baba, nisome huko. Bibi alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na nyumba nzima ilimwogopa. Kabla sijazaliwa aliuziwa jembe mjini, linang'aa, limebandikwa nembo nzuri, na mvua za kwanza zilipokuja likakunjika kwenye jiwe kama chapati. Mwaka ule alichelewa kupanda, akavuna kidogo, majirani wakamsema. Basi akaapa kuwa hakuna duka litakalomfanya mjinga tena.

Kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda mjini kupima vitu. Kununua ilikuwa kwa nadra, lakini kupima ilikuwa lazima. Jembe lisilo na mpini alilining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa kokoto, akanisogezea sikioni. Jembe zuri linalia muda mrefu, bovu linasema "ko" halafu kimya. Sufuria unaibonyeza kitako. Ikisema "tak" na kurudi, iache hapo hapo. Kijiko unakikunja kwa vidole viwili. Beseni unalinusa, kisha unalikanyaga ukingo. "Gonga, usikie," ndiyo ilikuwa kauli yake, kwa sauti ile ndogo, na mimi nilikuwa nagonga na kusikia. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa alikuwa akituona tu anamletea Bibi kiti. "Shikamoo mama. Gonga polepole basi, hiyo bado ya kwangu," alikuwa anamwambia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee kwa wiki nzima ninapomwona Bibi anatabasamu.

Nikaiva. Nikiwa na miaka tisa, akina mama wa kijijini walikuwa wananituma niwapimie majembe na masufuria kwenye yale maduka ya jero, ambako kila kitu kilikuwa shilingi mia tano. Shuleni nilikuwa si lolote si chochote. Kusoma kulinipiga chenga, sweta langu lilikuwa na viraka, makamasi hayakauki mwezi wa sita wote. Lakini nikishika sufuria, watu wazima wananyamaza wanisikilize. Bibi alikuwa ananiita "fundi wangu" mbele ya wageni. Mtoto asiyesifiwa kwa lingine akishaonja kitu cha namna hiyo, weee, haachi.

Ndipo baba mdogo Festo akaoa. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi, dereva wa magari ya mizigo, na mwaka ule alikuwa anapakia mpunga Madibira. Huko akampata Kabula. Watu wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe zao miaka ya nyuma; ng'ombe zikaisha kwa ukame na magonjwa, wakabaki wanavuna mashamba ya wenzao kwa kibarua. Bibi hakumtaka hata kabla hajamwona. "Msukuma asiye na ng'ombe, huyo ni nani sasa?" alisema. Na alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema: Festo ndiye aliyekuwa anamletea sukari na mchele kila mwisho wa safari, na sasa mfuko ungefikia mkono mwingine kwanza.

Kwenye ukoo wetu, siku ya pili baada ya bibi arusi kufika, wanawake wa nyumbani wanatandika mkeka uani na kufungua vyombo alivyokuja navyo. Kila chombo kinainuliwa juu, watu wanapiga vigelegele, kinawekwa kando. Bibi arusi anakaa kwenye mkeka amefunikwa kanga kichwani, na haruhusiwi kusema neno mpaka chombo cha mwisho kirudishwe. Ni shughuli ya furaha. Nimeiona nyumba nyingine, watu wanacheza kwa ajili ya mwiko wa ugali. Bibi yeye aliigeuza.

Alinikalisha katikati ya mkeka. "Leo tuna fundi," akawatangazia wanawake. "Yusta, pima."

Nikafungua mfuko wa sandarusi na harufu ile ikatoka. Niliitambua mara moja. Vyote vilikuwa vya jero, kila kitu, kuanzia chujio hadi beseni. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana ningeweza kujisingizia kuwa nilisikitika. Sikusikitika. Nilifurahi kama mtu aliyewekewa nyama mbele yake.

Nilianza na vijiko. Nikachukua cha kwanza kwa vidole viwili, kikainama. Wanawake wakacheka kidogo, kwa aibu. Nikachukua cha pili, cha tatu, nikawa navikunja huku nawaangalia usoni, na kicheko kikaongezeka, hadi vyote kumi na viwili vikalala kwenye mkeka vimejikunja. Chujio nikalitoboa kwa kidole. Sufuria ndogo nikaibonyeza, tak, tak, nikaifanya ngoma, na mama mmoja jirani akainuka akacheza. Hee, siku hiyo watu walicheka! Beseni nikaliweka chini, nikalikanyaga kwa kisigino, na halikupasuka. Nikalikanyaga tena kwa nguvu, nikaruka juu yake, ndipo likapasuka.

Chini ya kanga Kabula hakutikisika. Shangazi yake aliyemsindikiza kutoka Madibira alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani, anaangalia chini. Nilimwona. Nikaendelea.

Mwisho ilibaki sufuria kubwa yenye mikono miwili, ya kupikia watu wengi. Nilipopitisha kidole gumba kwenye mkono wa kushoto nikasikia ribiti, kile kimsumari kinachobana mkono kwenye sufuria, inacheza kama jino la mtoto. Nilifungua mdomo niseme. Lakini wanawake walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko cha beseni, na ribiti haichekeshi. Nikawaza: hili niliweke, nitalitoa siku nyingine watakapokuwa wamenisahau. Nikaipitisha sufuria bila neno, Bibi akaipokea, akaigeuza geuza, akaiweka kando.

Tangu siku hiyo Kabula akaitwa Mama Jero. Hakuwa na mtoto lakini aliitwa hivyo, hadi kanisani.

Bibi akaweka sheria: mke anapika kwa alivyokuja navyo. Kabatini kwake kulikuwa na masufuria mazito ya kutosha kulisha msiba, akafunga kufuli. Kabula akawa anapikia watu tisa kwa sufuria nyembamba kama karatasi. Ugali unaungua chini, juu mbichi. "Hajui kupika," Bibi anasema. Anachotea maji kwenye ndoo ambayo kishikio kimeshatoka, anachelewa kurudi. "Mvivu." Analima kwa jembe lake la jero, linapinda, anakaa chini kulinyoosha kwa jiwe. "Mnamwona? Amekaa." Festo akirudi safari anaelezwa yote hayo kabla hajavua viatu, na yeye, mwanaume mrefu vile, anaitikia "Ndiyo mama, ndiyo mama," halafu anaondoka na gari.

Na Kabula mwenyewe alikuwaje? Huo ndio ubaya wake, alikuwa mtu wa kupendeka. Alivinyoosha vijiko vyake vyote kumi na viwili kwa meno na jiwe. Siku moja kimoja kikainama tena kwenye maharage, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Usangu, "Unaona, ng'wanone? Vijiko vyangu vina adabu, vinasalimia chakula." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Aliniita hivyo, ng'wanone, mwanangu kwa Kisukuma, mimi niliyemvunjia beseni. Alikuwa ananisuka Jumapili asubuhi bila kunivuta nywele, anapuliza kichwani pakiwasha. Hakuna aliyewahi kunisuka bila kunifinya. Nikawa nakaa naye jikoni kila siku, na kila siku nilikuwa naiona sufuria kubwa ikipanda na kushuka jikoni, na mkono wake wa kushoto.

Kwa nini sikusema? Mwanzo nilikuwa naweka akiba. Baadaye nikaona nikisema nitaulizwa mbona sikusema siku ile. Fundi hawezi kuwa amepitisha sufuria mbovu. Miezi ikaenda hivyo hivyo.

Asubuhi moja ya baridi kali, mwezi wa saba, Bibi alimgombeza Kabula kwa sababu uji umechelewa. Kabula akaharakisha. Akaishika sufuria kwa vitambaa viwili, akaiepua, akageuka, na mkono wa kushoto ukabaki kwenye kitambaa. Uji wote ulimwagikia paja na mguu hadi unyayoni. Ninavyoukumbuka ukelele wake sitauandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu, na kabla sijaona kitu kingine niliona ule mkono wa sufuria umeanguka chini.

Zahanati walimfunga bandeji, akarudishwa nyumbani, akalazwa chumba cha uani. Mimi nikapewa kazi ya kumpelekea chai. Siku ya pili nikashindwa. Nikaweka kikombe chini nikaanza kulia, nikamwambia, "Mama mdogo, nilijua. Ule mkono ulikuwa umelegea tangu siku ya vyombo. Nilijua."

Nilitegemea anipige. Machozi yakamtoka, halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo kinanikata. Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe yupo anayejua," akasema. "Afadhali."

Nilikuwa sijaelewa maana yake. Nilielewa Jumapili baada ya misa, watu walipokaa kikao sebuleni kwa Bibi. Alikuwepo baba mkubwa, mwana wa kwanza wa Bibi, ndiye msemaji wa ukoo. Alikuwepo Festo, wanawake wawili wa ukoo, na kaka yake Kabula aliyeitwa kutoka Madibira, kijana wa viatu vya kuazima. Kabula alikalishwa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha mbele yake.

Bibi alisema kwa upole kabisa. Akasema mkwe wake aligombezwa kidogo tu, kama mama yeyote anavyogombeza, na kwa hasira akaibamiza sufuria ya uji wa moto hadi ikang'oka mkono. Leo kajimwagia mwenyewe. Kesho je? Nyumba hii ina wajukuu. "Mimi simchukii," akasema. "Ila mwanamke anayetupa moto jikoni siwezi kulala naye nyumba moja."

"Sikuibamiza, mama," Kabula akasema. "Mkono ulikuwa mbovu. Ulitoka wenyewe."

"Mbovu tangu lini? Mbona umepikia mwaka mzima?"

Baba mkubwa akakohoa. Akauliza kama yupo mtu anayeifahamu sufuria hiyo ilikuwaje ilipokuja. Na Kabula, jamani, Kabula akageuza shingo akanitafuta. Nilikuwa nimesimama kwenye pazia la mlango. "Yusta anajua," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Muulizeni Yusta. Yeye ndiye aliyeipima."

Bibi hakushtuka. Akanyoosha kidole, akaniita kwa jina lile. "Njoo, fundi wangu. Sema mbele ya watu. Mkono ule ulikuwa mzima au mbovu?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwona Kabula, mdomo umefunguka kidogo, anasubiri neno moja. Nilimwona Bibi. Nikaona nikisema mbovu, swali linalofuata ni langu, na fimbo ni yangu, na Jumamosi hakuna wa kunichukua mjini tena, nitakuwa yule yule mwenye makamasi.

"Ulikuwa mzima," nikasema. "Niliupima mwenyewe."

Hakuna aliyetia shaka. Ningekuwa mtoto mwingine wangenihoji, lakini mimi nilikuwa nimewapimia wote majembe yao. Baba mkubwa akaitikia kwa kichwa. Festo akaangalia dirishani. Kaka yake Kabula akasema, "Tumesikia," akainuka amsaidie dada yake. Kabula hakulia wala hakunitukana. Aliniangalia tu kama vile bado anasubiri nimalizie sentensi.

Walimrudisha kwao siku hiyo hiyo. Bibi akanituma mimi nimfungashie vyombo vyake kwenye sandarusi, vijiko vyote kumi na viwili, na nikavifungasha. Alipanda gari la kwenda njia ya Madibira mguu haukunjiki, kaka yake amemshika kiuno. Mwaka mmoja baadaye tukasikia kidonda kilikataa kupona vizuri, kwamba anatembea kwa kuburuta. Mpunga unavunwa umeinama, kwenye matope, kutwa. Sijui aliishi kwa kazi gani. Sijawahi kwenda kuuliza, na Madibira si mbali.

Nilikua, nikahamia Mbeya, na kwa miaka mingi nilijifariji kwa jambo moja: nilikuwa mtoto, nikamdanganya Bibi, Bibi masikini akaniamini. Nilijiona mwizi aliyemwibia bibi yake. Kuna nafuu fulani kwenye hilo, msishangae.

Mwaka juzi Bibi alikuwa anakufa, nikaenda Kalenga kumuuguza. Alikuwa amebaki mifupa, lakini akili yake nzima. Mchana mmoja namwosha miguu, nikaona hapa ndipo, nikamwambia. Nikamwambia yote, ribiti, akiba yangu, uongo wa kikao. Nilikuwa nalia.

Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ndogo, "Ule mkono niliutikisa mimi siku ile ile ulipoipitisha. Ulikuwa umelegea hata kipofu angejua."

Nikaacha kuosha. "Ulijua? Na ukamwacha apikie?"

Bibi akautoa mguu majini.

"Sasa kwa nini ukaniuliza mimi mbele ya watu, Bibi? Nikisema kweli je?"

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Sikuwa na wasiwasi," akasema. "Nilikuwa nimekulea mwenyewe."

Nikamkausha miguu, nikamfunika. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikaa pale hadi alipolala, namwangalia mwanamke aliyejua mapema kabisa ni mtoto gani anapaswa kuulizwa. Na msimtafute mtu mwingine wa kumlaumu: ningeweza kusema neno moja, Kabula alikuwa analisubiri, nami nililijua.